Mguu Mmoja, Nusu Bei

Vua soksi, Kundaeli. Zote mbili.
Hapa nyuma ya cherehani za Mama Aikande
hakuna anayehesabu matundu ya soksi za mtu.
Beseni lina maji vuguvugu, chumvi ya mawe
na jani la mchaichai ambalo halitibu kitu,
ila linanifanya niipende kazi yangu.

Ukutani ipo ramani niliyopewa na Sista Leokadia
siku nilipomaliza wiki zangu sita:
dole gumba ni kichwa, upinde wa unyayo ni tumbo,
kisigino ni kiuno na mambo yake.
Miaka tisa naikanda ramani hiyo.
Ini la mtu sijawahi kuligusa, nisikudanganye.
Nimegusa watu walioingia wamekunja uso
wakatoka wameukunjua,
wakasahau mwavuli.

Sasa nyayo zako, mbe.
Miaka ishirini na minane ya kupanda kutoka Marangu,
Mandara, Horombo, Kibo,
na kushuka, maana kushuka ndiko kunakokula magoti.
Mitungi ya gesi, meza, viti vya kukunja,
trei za mayai lisipasuke hata moja.
Umebeba hadi choo cha wageni
kichwani, ukiimba.
Magaga yako ni mifereji ya kihamba wakati wa kiangazi.
Kucha mbili zilibaki Horombo, unasema,
na hukurudi kuziulizia.

Napaka mafuta ya parachichi.
Nabonyeza wa kulia. Unanisimulia
yule mgeni aliyelia kwa kumkumbuka mbwa wake
mita elfu nne na mia saba juu,
kisha unashtuka: "Hapo hapo!"
Vizuri. Aliye hai hushtuka.

Nahamia wa kushoto.
Chini ya kidole kidogo nakutana na kitu kigumu.
Nainamisha taa.
Kichwa cha msumari wa kiatu.
Pembeni yake nyama imegeuka rangi, ina majimaji.
"Hapa vipi?"
"Wapi?"
"Hapa, Kundaeli."
"Mbona hujanigusa bado?"

Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa ikikimbia.
Niliisikia ikisimama, uzi umekatika,
ikaanza tena.

"Sukari umepima lini?"
Ukasema chai yenyewe unakunywa kavu.
Nikafuta mafuta, nikafunika kwa shashi safi.
Sikuung'oa. Mikono yangu ina mpaka,
na mpaka wake naujua kuliko ramani.
"Twende Mawenzi."
"Si ulisema nyayo zina milango ya mwili mzima?"
"Nimebisha hodi, baba. Ndani hakuna aliyeitikia.
Mlango wa namna hiyo hauvunjwi na mkandaji."

Ulinuna. Ukatafuta soksi chini ya stuli.
Ukasema hata mgonjwa wa mlimani
hupewa kwanza maji ya moto, akapumzishwa,
akichelewa kushushwa ndipo...
Ukanyamaza, kwa kuwa ulijisikia.
Nikaenda kuita bajaji.

Wiki tano.
Leo umerudi na daftari la kliniki,
vidonge ndani ya kopo la siagi,
kiatu mguu mmoja, kandambili mguu wa pili.
Daktari karuhusu: wa kulia tu, taratibu.
Wa kushoto umelala juu ya mto
ndani ya bandeji nyeupe mpaka kifundoni.
Nikasema umefanana na Kibo asubuhi.
"Kibo hakinuki spiriti," ukajibu.

Nimekukanda. Umesinzia mdomo wazi,
na hayo mabega yaliyozoea mizigo ya watu
yameshuka, sijui, kama inchi moja.
Sijaponya kitu. Mchaichai umepoa.

Ulipoamka ukahesabu noti, ukanipa nusu:
mguu mmoja, nusu bei.
Nikaacha mkono wazi.
Nadai na ya ule wa kushoto, Kundaeli,
ndio niliousikiliza zaidi.